Boriti Ndiyo Iliyopima Nyumba Zetu

Mwezi uliopita alinijia mpwa wangu, fundi kijana aliyesomea kazi yake, na karatasi mkononi. Jamaa zetu wa Kisiwa Panza wamepata kiwanja ng'ambo, upande wa Mkoani, juu ya mteremko mkali unaotazama bahari. Dada yangu, ambaye ndiye mama wa kijana huyo, ameamua kuhama kisiwani kwa sababu maji ya chumvi yameingia katika konde yake ya mpunga na kila mwaka yanasogea. Karatasi ile ilikuwa ramani ya nyumba yake mpya. Mapana yake mita 9, urefu mita 12, nayo imekaa juu ya uwanja uliochongwa ukawa bapa kama sinia.

"Mjomba, tunaleta katapila siku mbili tu. Tunakata kilima, kazi imekwisha," akaniambia.

Nikamuuliza, na udongo utakaokatwa utakwenda wapi? Akacheka, akasema utasukumwa chini. Waama, chini ya kiwanja kile ni pwani, na pwani ile ina mikoko. Yaani tunamhamisha mama yako kwa kuwa bahari imemlia konde, kisha twende tukafukie kwa udongo ile mikoko iliyobaki kuizuia bahari isile konde za wenzake! Kijana akanyamaza. Halafu akatoa simu yake akanionesha picha za nyumba za nchi za nje, zilizojengwa kwenye miteremko ya pwani bila ya kukata kilima. Hutengenezwa karakanani vipande vipande, vya kipimo kimoja, huchukuliwa kwa gari hadi mahali pake, zikasimamishwa juu ya nguzo. Mtu akipata mtoto huongeza kipande. Akihama, huzifungua. "Hizi ndizo zinazofaa," akasema, "lakini ni za matajiri, na sisi kwetu hatuna utaalamu huo."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonileta leo mbele ya kipaza sauti. Kwani nyumba ya vipande, yenye kipimo kimoja, inayosimama mlimani bila ya kukiumiza kilima, ndiyo nyumba aliyozaliwa bibi yake.

Babu yangu alikuwa na shamba la mikarafuu mlimani, na nyumba yake ilikuwa huko huko. Wageni wanaokuja Pemba hushangaa kukuta nchi ya vilima na mabonde, kwani wengi wameizoea Unguja iliyo tambarare zaidi. Karafuu zilipanda vilima hivyo katika karne ya 19, na zilizidi khasa baada ya kimbunga cha mwezi wa Aprili 1872, kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa. Watu nao walipanda juu pamoja na miti. Ilibidi wajue namna ya kukaa mlimani.

Nyumba ya babu ilikuwa nyembamba na ndefu. Ililala ubavuni mwa kilima, haikukikabili. Upande wa chini waliweka mawe ya kukinga, wakajaza udongo kidogo uliotolewa upande wa juu, na huo ndio msingi wote. Zikasimamishwa nguzo, ukapandishwa mtambaapanya, wakapaua kwa makombamoyo, wakafunga fito kwa kamba, wakaezeka makuti. Mwisho ndipo wakakandika udongo. Mjomba wangu mmoja alipooa, nyumba haikubomolewa wala hakikutafutwa kiwanja kingine. Iliongezwa nguzo nne pembeni, ikawa na chumba zaidi. Walipotaka jiko walitoa upenu. Nguzo ikiliwa na mchwa ilichomolewa peke yake, ikatiwa nyingine, na watu wamelala ndani. Mimi mwenyewe nimepata kushika taa usiku wakati nguzo ya chumba cha bibi inabadilishwa, na bibi alikuwa kitandani anatoa amri.

Ujenzi wa namna hii una umri mkubwa kisiwani. Huko Tumbe, kaskazini ya Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifukua mji wa karne ya 7 hadi ya 10, nao ulikuwa mji wa nyumba za miti na udongo. Jirani yake, Chwaka, misikiti ya mawe ilikuja baada ya hapo. Kwa hiyo tunaposema kuwa ustaarabu wa pwani ni wa mawe, tunaanza hadithi katikati.

Lakini hata hayo mawe yalitii mti. Hapa ndipo nilipomtaka mpwa wangu aweke simu chini anisikilize.

Mti wenyewe ni mkoko na jamaa zake, kama vile msinzi na mkandaa. Wafanya biashara wa miti hiyo, tangu Lamu hadi Rufiji, waliigawa kwa unene, na kila unene ulikuwa na jina lake na kazi yake. Fito ni mti mwembamba usiozidi kiasi cha sentimita 4. Pau hufika 7 na ushei. Mazio hufika 11. Boriti hufika kama 14, na nguzo hupita hapo. Mtu hakununua mti mmoja mmoja. Alinunua kwa korja, na korja ni miti 20. Fundi wa Pemba, fundi wa Mombasa na fundi wa Maskati waliweza kuagiziana miti bila ya kuonana, na kila mmoja akajua atakacholetewa. Jee, karakana ya leo inafanya nini zaidi ya hilo, isipokuwa kwamba yake imeezekwa bati?

Sasa boriti, ikitandazwa juu ya kuta mbili kubeba dari ya mawe na chokaa, haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Mafundi walijua kikomo chake: baina ya mita 2 na nusu na mita 3. Ukizidisha, dari inapinda, na dari ile ni nzito sana. Basi mapana ya chumba yakawa ni boriti. Ingia nyumba kongwe ya mawe ya Lamu, au ya Mji Mkongwe wa Unguja, utakuta vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Tajiri hakuweza kupata chumba kipana kuliko jirani yake. Alichoweza ni kurefusha chumba, au kuongeza chumba cha pili nyuma na cha tatu juu, na kuchonga chokaa ya ukutani kwa nakshi. Utajiri ulihesabika kwa idadi ya vyumba.

Na kipimo hicho hakikubaki kwetu. Kilivuka bahari pamoja na kaskazi na kusi. Ng'ambo ya pili, katika Ghuba ya Uajemi, palikuwa na bandari kubwa iitwayo Siraf. Mji ule ulibanwa baina ya maji na milima iliyosimama nyuma yake kama ukuta, na mahali pa kujenga palikuwa haba. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, anaeleza kwamba nyumba za Siraf zilikuwa za ghorofa nyingi, zimeelekea bahari, na zimejengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Nchi ya Zanj ndiyo sisi. Mwaka 977 tetemeko la ardhi liliupiga mji ule, na ndipo ulipoanza kudidimia. Hata hivyo, miti yetu haikuacha kwenda Ghuba. Kule waliiita chandali, na vyumba vya Bahrain na vya Kuwait vikawa na mapana yale yale ya vyumba vya Lamu. Bahari nzima ilikuwa ikilala chini ya mti mmoja.

Safari hizo zilidumu takriban miaka elfu. Mwaka 1939 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri ndani ya jahazi la Kuwait lililokwenda delta ya Rufiji kupakia miti. Ameandika juu ya kazi ile kwa huruma, jinsi mabaharia walivyozama katika tope, wakiumwa na mbu, kwenye joto lisilo na upepo. Tunapoisifu boriti ni haki tuwakumbuke waliokuwa wakiichukua begani.

Aliyeivunja sheria ya boriti hapa Zanzibar ni Seyyid Barghash. Mwaka 1883 alikamilisha Beit al-Ajaib, jumba la nguzo za chuma na mihimili ya chuma vilivyoletwa kutoka nje. Kwa chuma aliweza kupata kumbi pana ambazo hapajawahi kuonekana mfano wake mjini, na kuzungusha jumba lote kwa mabaraza. Watu wakaliita la ajabu, na lilikuwa la ajabu kweli. Lakini lilihitaji matunzo ya namna nyingine kabisa, kwani chuma kando ya bahari hula kutu, na huwezi kumwita fundi wa kijijini akachomoa nguzo moja usiku mmoja. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa kulitengeneza, upande mmoja wa jumba hilo uliporomoka na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964, na hapa natia neno kwa uangalifu kwa kuwa wengi wetu tumelelewa ndani ya nyumba hizo. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, Serikali ilianza kujenga nyumba za maendeleo. Walianzia Kikwajuni, na baadaye yakaja majumba marefu ya Michenzani ambayo watu huyafananisha na treni. Pemba nayo ilipata yake, Wete, Chake Chake na Mkoani. Nia ilikuwa njema: kwamba mkulima na mchukuzi nao walale chini ya dari ya saruji, kila mtu chumba sawa na mwenziwe. Hiyo nayo ilikuwa nyumba ya kipimo kimoja, chumba juu ya chumba, mlango juu ya mlango. Mtu aliyetoka katika banda linalovuja hakuona kasoro yoyote, na hakustahili kuambiwa aione.

Ila kipimo kile hakikutoka kwenye mti wala kwenye mlima. Kilitoka kwenye meza ya mchoraji aliye mbali, katika nchi ya theluji. Michenzani, maji yalikuwa tabu kupanda ghorofa za juu, na lifti hakuna, basi akina mama wakapanda ngazi na ndoo. Mkoani ni mji unaopanda mlima kutoka bandarini. Ukishuka melini ukatazama juu, unayaona majumba yale yamekaa juu ya mlima sawasawa na ambavyo yangekaa katika uwanda wa Ujerumani. Jumba namna ile huwezi kuliongeza chumba mwanao akioa, na huwezi kutoa upenu. Nyumba ya kipimo kimoja ya babu ilikubali kubadilika. Hii haikubali.

Msije mkanielewa kuwa nasema turudi kwenye mikoko tukaikate. Hilo haliwezekani tena, na wala halifai. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti hiyo nje mwaka 1982, na Tanzania Bara ikazuia ukataji mwaka 1987. Huku kwetu sheria ya misitu ya mwaka 1996 iliwapa wanavijiji njia ya kuisimamia misitu yao kwa makubaliano na Serikali. Watu wa Kisiwa Panza hawahitaji sheria kuwafahamisha. Wameona kwa macho yao jinsi chumvi inavyoingia, na wapo waliotia mikono topeni kupanda mikoko upya. Kumwambia mtu wa Panza ajenge kwa boriti ni kumwambia avunje ukuta wa mbele atengeneze wa nyuma.

Ninachosema ni kwamba boriti inaweza kuondoka, kipimo chake kikabaki. Ipo mivinje inayopandwa. Upo mnazi mzee usiozaa, ambao ukipasuliwa vizuri sehemu yake ya nje hutoa mbao ngumu. Yapo matofali ya udongo wa kushindiliwa wenye saruji kidogo. Huko Fumba, Unguja, kampuni moja inajenga mji mpya, na humo zimo nyumba ambazo kuta zake za mbao hutengenezwa karakanani. Kwa hiyo utaalamu haupo mbali kama kijana wangu alivyodhani.

Na kwa nini ning'ang'anie kipimo cha mita 3? Tulikaa barazani tukapiga hesabu, yeye na kalamu yake. Mteremko wetu tuukadirie unapanda mita 1 katika kila mita 3. Nyumba yake ya mapana ya mita 9 ikikaa juu ya uwanja mmoja bapa, nyuma yake utasimama ukingo wa mita 3, mrefu kumpita mtu, mbichi, unangoja masika. Udongo wa kukatwa ni nusu ya 9 mara 3, mara urefu wa mita 12, jumla mita za ujazo 162. Lori la mita 5 litakwenda mara 33, na udongo ukichimbwa huvimba, kwa hiyo ongeza.

Sasa zigawe zile mita 9 mara tatu. Fanya safu tatu za vyumba vya mapana ya mita 3, kila safu imekaa juu ya ngazi yake, kama alivyokaa babu. Kila ngazi ina ukingo wa mita 1 tu, ambao ukuta wa mawe wa fundi wa kawaida unautosha. Udongo wa kila ngazi ni mita za ujazo 18, na zote tatu ni 54. Nyumba ni ile ile, vyumba ni vile vile, udongo ni theluthi moja. Na ukiinua safu ya chini juu ya nguzo, hata huo unapungua. Kijana alirudia hesabu mara mbili, akidhani nimemfanyia kiini macho.

Akasema, "Mjomba, nilifundishwa kuchora nyumba kwanza, halafu kiwanja kiifuate."

Nikamwambia si kosa lake. Wengi tumefundishwa hivyo, na si katika nyumba peke yake.

Ushindi wangu haukufika mbali, lakini. Jioni tulimwita dada yangu tumweleze. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Nimeishi katika nyumba ya miti miaka khamsini. Ninyi mnataka nihame bahari nizima ili nikaingie katika nyumba ya miti nyingine? Watu watasema nini? Kwamba mwanangu kasoma mpaka akasahau saruji?"

Sikuwa na la kumjibu papo hapo, na sijioni kuwa na haki ya kumcheka. Tofali la saruji kwetu ni alama. Mtu aliyevumilia kuvuja kwa makuti, na mchwa, na hofu ya moto, na macho ya majirani, anapotaka kuta ngumu hana ujinga wowote. Anadai kilichokuwa cha wengine kwa muda mrefu. Mwenye kuandika vitabu vya kusifu nyumba za udongo aghalabu amekaa katika nyumba ya mawe, nami siku hizo nilikuwa nimekaa katika nyumba ya mawe.

Basi tukasikizana hivi. Ngazi ni tatu, hilo amelikubali, kwa sababu amewahi kuona ukingo wa kilima ukimwagika juu ya jiko la jirani. Safu ya katikati, yenye ukumbi na mlango wa mbele, itakuwa ya tofali la saruji na itapakwa rangi, wageni waione. Safu ya juu, ambayo haina haja ya kubeba macho ya watu, itakuwa ya tofali la udongo wa kushindiliwa. Safu ya chini ni ya nguzo za mvinje na mbao za mnazi, na haitajengwa mpaka kijana mwenyewe aoe. Mapana ya chumba ni mita 3 kote, ili bati, mbao na milango viwe vya kipimo kimoja na viweze kuhamishwa kutoka safu hadi safu.

Juma lililopita tulivuka asubuhi kutoka kisiwani, tukapanda kiwanjani na kamba, pima maji na vigingi. Mpwa wangu alipima, mimi nilishika ncha ya kamba. Tulipomaliza ngazi ya tatu dada yangu alishuka taratibu mpaka ukingoni, akatazama mikoko iliyo chini, akageuka akamuuliza mwanawe swali ambalo mimi na yeye, pamoja na hesabu zetu zote, hatukuwa tumelifikiria: mvua ikinyesha, maji ya mabati matatu yatateremkia wapi?

Kijana amerudi kuchora.